SOMO LA WIKI: Msamaha wa kanuni si leseni
Funzo kwa mnunuzi wa hisa kutoka kituo cha nyuklia cha Diablo Canyon

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Machi 2, 2023, Tume ya Kusimamia Nishati ya Nyuklia ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama NRC, ilikubali ombi la kampuni ya umeme ya Pacific Gas and Electric (PG&E) la kusamehewa kanuni moja. Habari ilisambazwa kwa maneno machache: kituo cha nyuklia cha Diablo Canyon, kilichokuwa kifungwe, kimepewa msamaha.

Mtu aliyesoma kichwa cha habari tu angeweza kuelewa mambo matatu: kwamba kituo kimeongezewa leseni, kwamba msimamizi amethibitisha kituo ni salama kwa miaka mingine mingi, na kwamba mwenye hisa za PG&E atavuna. Yote matatu si sahihi. Msamaha ule ulihusu tarehe, basi.

Somo la leo ni jinsi ya kusoma uamuzi wa namna hii. Tumechagua shauri la Marekani kwa sababu karatasi zake zote ziko wazi kwa umma na hatua zake zinafuatana vizuri. Lakini njia ya kulisoma ni ile ile utakayoitumia siku kampuni unayomiliki hisa zake itakapotangaza kwamba imepata kibali, msamaha au nyongeza ya muda kutoka kwa mamlaka yoyote.

KITUO CHENYEWE NA MWENYE MALI

Diablo Canyon kiko ufukweni mwa Bahari ya Pasifiki, katika wilaya ya San Luis Obispo, jimbo la California. Kina vinu viwili vyenye uwezo wa jumla ya megawati zipatazo 2,240. Ili msomaji apate picha, Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Hivyo kituo hiki kimoja kinazidi kidogo bwawa letu kubwa kuliko yote, na hutoa karibu asilimia 9 ya umeme unaozalishwa California.

Mwenye kituo ni PG&E, na hisa za kampuni mama yake zinauzwa katika Soko la Hisa la New York. Si kampuni isiyo na makovu. Januari 29, 2019 iliomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya ufilisi kutokana na madai ya moto wa misitu uliosababishwa na nyaya zake, ikatoka katika ufilisi Julai 1, 2020. Gawio lilisimamishwa Desemba 2017 na halikurudishwa hadi Novemba 2023, tena kwa senti moja ya dola kwa hisa kila robo mwaka. Tuyaweke mambo haya akilini, maana tutayarudia.

LESENI YA MIAKA 40 NA KANUNI YA MIAKA 5

Kinu cha nyuklia Marekani hupewa leseni ya kwanza ya miaka 40. Leseni ya kinu cha kwanza cha Diablo Canyon ilikuwa imalizike Novemba 2, 2024, na ya kinu cha pili Agosti 26, 2025. Mwenye kinu akitaka kuendelea huomba leseni iongezwe, na NRC huongeza kwa kipindi kisichozidi miaka 20 kwa mara moja. Uchunguzi wa ombi hilo huchukua muda mrefu, kwa sababu wataalamu hukagua uzee wa vyuma, zege, nyaya na mabomba, na pia athari kwa mazingira.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mwenye duka analijua. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara, tumwite Bwana Hamisi, mwenye duka la vipuri. Leseni yake inakwisha mwisho wa mwezi. Amepeleka fomu mapema, amelipa ada, karatasi zake zimekamilika, lakini ofisi haijamaliza kuzipitia. Mwezi umekwisha. Je, afunge duka?

Sheria ya Marekani ya mwaka 1946 kuhusu taratibu za vyombo vya serikali inajibu swali hilo. Inasema mwenye leseni akiomba kuongezewa kwa wakati, na ombi lake likiwa limekamilika, leseni ya zamani haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka chombo husika kitakapotoa uamuzi wa mwisho. Kwa maneno mengine, Bwana Hamisi aendelee kuuza. Haifai mtu aadhibiwe kwa sababu ofisi imechelewa.

Lakini sheria hiyo haikusema "kwa wakati" ni lini. Kila chombo kinaweka kipimo chake. NRC, kwa upande wa vinu vya nyuklia, iliweka miaka 5. Anayetaka kinga hii sharti ombi lake lifike miaka isiyopungua 5 kabla ya leseni kwisha. Nia ya kanuni inaeleweka: tume ipate muda wa kutosha kumaliza uchunguzi kabla ya siku ya mwisho, ili kinu kisiendeshwe muda mrefu kwa leseni ya zamani huku majibu yakisubiriwa.

Sasa tupige hesabu. Miaka 5 kabla ya Novemba 2, 2024 ni Novemba 2019. Miaka 5 kabla ya Agosti 26, 2025 ni Agosti 2020. Ombi lolote lililofika baada ya tarehe hizo lingeweza kupokelewa, lakini lisingekuwa na kinga. Leseni ingekwisha kabla ya majibu, na vinu vingezimwa siku hiyo hiyo.

JINSI NAFASI ILIVYOPOTEA

Jambo la kusikitisha kwa PG&E ni kwamba ilikuwa imeshawahi kuomba, tena mapema mno. Novemba 2009, zikiwa zimebaki miaka 15 kabla ya leseni ya kwanza kwisha, ilipeleka ombi lake NRC. Kinga ilikuwa mkononi.

Kisha mambo yakabadilika. Machi 2011 tetemeko na tsunami viliharibu kituo cha Fukushima nchini Japani. Diablo Canyon nacho kiko karibu na nyufa za ardhi zinazoleta matetemeko. Ufa wa Hosgri uligunduliwa wakati kituo kinajengwa, na ufa mwingine, Shoreline, ukatambuliwa mwaka 2008. Kampuni ikaomba uamuzi usubiri tafiti za matetemeko zikamilike.

Juni 2016, baada ya makubaliano na vyama vya wafanyakazi na vikundi vya watetezi wa mazingira, kampuni ilitangaza kwamba haitaomba tena na itafunga vinu leseni zitakapokwisha. Januari 2018 Tume ya Huduma za Umma ya California, ambayo ndiyo hupanga bei za umeme jimboni, ikaukubali mpango huo. Machi mwaka huo PG&E ikaliondoa ombi lake NRC. Siku ile hapana aliyeona hasara. Umeme wa jua na upepo ulikuwa unaongezeka, na hesabu zilionyesha kituo hakitahitajika.

Agosti 2020 joto kali lilipiga California, mahitaji ya umeme yakapita uwezo, na jioni za Agosti 14 na 15 wananchi wakaingia katika mgawo wa umeme. Hali hiyo haikuwa imetokea jimboni tangu mwaka 2001. Sisi huku mgawo tunaujua. Kwa California ilikuwa aibu ya kisiasa. Septemba 2, 2022 Gavana Gavin Newsom alitia saini sheria iliyopewa namba SB 846, iliyotaka kituo kiendelee: kinu cha kwanza hadi Oktoba 31, 2029 na cha pili hadi Oktoba 31, 2030. Sheria hiyo iliruhusu pia mkopo wa serikali ya jimbo wa hadi dola bilioni 1.4 kwa kampuni.

Basi jimbo lilitaka, kampuni ilikubali, na fedha zilitajwa. Lakini usalama wa nyuklia Marekani uko chini ya serikali kuu, si majimbo. Na mlango wa serikali kuu, kwa kanuni ya miaka 5, ulikuwa umeshafungwa.

OMBI LA OKTOBA 31, 2022

Msomaji aitazame barua ya PG&E ya tarehe hiyo kwa makini, kwa sababu ilikuwa na maombi mawili. La kwanza, kampuni iliiomba NRC ilifufue ombi la mwaka 2009 na kuendelea kulichunguza kana kwamba halikuondolewa. La pili, kama la kwanza haliwezekani, NRC iisamehe kampuni kanuni ya miaka 5 ili ombi jipya litakalopelekwa lihesabiwe kuwa limefika kwa wakati.

Januari 24, 2023 tume ilikataa ombi la kwanza. Ombi lililoondolewa limeondolewa. Kampuni ilitakiwa kuandaa ombi jipya lenye taarifa za sasa.

Kwa siku zile kukataliwa huko kulionekana kama pigo. Lakini aliyesoma barua yote alijua lipo ombi la pili mezani. Majibu yake yakatoka wiki tano baadaye, Machi 2.

MSIMAMIZI ALIPIMA NINI

Msamaha wa NRC hautolewi kwa huruma. Kanuni zake zinataka mwombaji apite katika vipimo vinne:

Kwanza, sheria iwe inaruhusu msamaha huo. Hapa kipimo kilikuwa chepesi, maana miaka 5 imewekwa na kanuni ya tume yenyewe. Sheria ya mwaka 1946 inadai tu ombi liwe "kwa wakati".

Pili, msamaha usilete hatari isiyokubalika kwa afya na usalama wa umma. Tume ilieleza kwamba kituo kitaendelea kubanwa na masharti yote ya leseni iliyopo, wakaguzi wake wataendelea na kazi, na ikiona hatari inaweza wakati wowote kuamuru vinu vizimwe.

Tatu, msamaha usipingane na ulinzi na usalama wa taifa. Kubadili tarehe ya kupeleka karatasi hakukugusa ulinzi wa kituo.

Nne, pawe na mazingira maalumu. Hiki ndicho kipimo kinachoangusha wengi. Haitoshi kusema "tumechelewa, mtusamehe". Tume ilizingatia kwamba sera ya jimbo ilibadilika baada ya tarehe za mwisho kupita, na kwamba jimbo lilikuwa limeona hatari ya upungufu wa umeme.

Baada ya hapo tume ikaweka sharti. Ombi jipya lifike kabla au ifikapo Desemba 31, 2023, tena liwe limekamilika kiasi cha kuchunguzwa. Likichelewa, au likija na mapengo, msamaha hauna kazi.

Hapa ndugu msomaji tusimame kidogo. Kampuni ilipewa miezi kumi kuandaa kazi ambayo kwa kawaida kampuni huipangia miaka. Kwa hiyo Machi 2 hatari haikuondoka. Ilihama tu kutoka meza ya msimamizi ikaja meza ya kampuni. Mwekezaji makini angeacha kuuliza "NRC itasemaje?" na kuanza kuuliza "PG&E itamaliza karatasi?"

Ilimaliza. Ombi lilipelekwa Novemba 7, 2023, na Desemba 19 tume ikatamka kwamba limekamilika vya kutosha kuanza kuchunguzwa. Kinga ikaanza kufanya kazi siku hiyo, si Machi 2. Ndiyo maana Novemba 2, 2024 ilipofika kinu cha kwanza hakikuzimwa, na Agosti 26, 2025 kinu cha pili nacho kikaendelea, uchunguzi ukiwa bado haujafikia uamuzi wa mwisho.

YASIYOTOLEWA NA MSAMAHA

Turudi kwa Bwana Hamisi. Afisa akimwambia "endelea kuuza wakati tunapitia fomu yako", hajamwambia kwamba atapata leseni mpya. Kesho anaweza kuja bwana afya na kukuta paa linavuja. Vivyo hivyo NRC ilisema wazi kwamba msamaha hauongezi leseni. Uchunguzi wa uzee wa vinu na wa mazingira ulibaki kazi tofauti, na wananchi walibaki na haki ya kuomba kusikilizwa katika shauri hilo la leseni.

Aidha, msamaha wa NRC haukuondoa vibali vya wengine. Tume ya Huduma za Umma ya California ilibidi itoe idhini yake, ikaitoa Desemba 14, 2023 kwa masharti. Kituo hutumia maji ya bahari kupoza mitambo, kwa hiyo mamlaka za maji na za pwani za jimbo nazo zilikuwa na neno. Mwenye kununua hisa kwa sababu ya kibali kimoja, wakati biashara inahitaji vitano, amenunua tikiti ya bahati nasibu.

WAPINZANI MAHAKAMANI

Chama cha akina mama wa San Luis Obispo kiitwacho Mothers for Peace, ambacho kimekipinga kituo hiki kwa miongo mingi, kilikwenda Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa pamoja na Friends of the Earth na Environmental Working Group. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Walisema ikiwa msamaha unamwezesha mtu kuendesha kinu kupita tarehe iliyoandikwa kwenye leseni, basi ni sawa na kuibadili leseni. Na kubadili leseni, kwa sheria ya nishati ya atomiki, kunawapa wananchi haki ya kusikilizwa kwanza. Walidai pia tume ilipaswa kufanya tathmini ya mazingira kabla ya kusamehe.

Aprili 29, 2024 mahakama ilikataa shauri lao. Iliona kwamba msamaha ule haukuwa uamuzi wa leseni wenye kuleta haki ya kusikilizwa, na kwamba tume ilikuwa na sababu za kutosha kwa uamuzi wake.

Funzo kwa mwekezaji ni la kalenda. Kati ya Machi 2, 2023 na Aprili 29, 2024 ni karibu miezi 14. Muda wote huo msamaha ulikuwa unafanya kazi, lakini ulikuwa unaweza kufutwa. Kibali kikishatolewa, uliza nani anaweza kukipinga, wapi, na kwa muda gani. Bila jibu hilo hujui umenunua nini.

NANI ANALIPA, NANI ANAPATA

Hapa ndipo wengi hukosea zaidi, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Kwa kawaida kampuni ya umeme yenye bei zinazopangwa na serikali hupata faida yake kwa asilimia fulani ya mtaji iliouwekeza. Ikijenga zaidi, hupata zaidi. Diablo Canyon katika miaka ya nyongeza hakikuwekwa katika mfumo huo. Sheria ya SB 846 iliweka malipo ya aina mbili badala yake. Ya kwanza ni malipo ya kila kiasi cha umeme: dola 6.50 kwa kila megawati-saa kutoka kwa wateja wa makampuni yote husika jimboni, na dola 6.50 nyingine kutoka kwa wateja wa eneo la PG&E. Jumla dola 13. Ya pili ni malipo yasiyobadilika ya dola milioni 50 kwa kila kinu kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya 2022.

Tupige hesabu ya makadirio. Kituo cha megawati 2,240 kikifanya kazi saa zote 8,760 za mwaka kingetoa megawati-saa 19,622,400. Tuseme kinafanya kazi asilimia 90 ya muda, kwa sababu vinu huzimwa kubadili fueli na kutengenezwa. Tunapata takriban megawati-saa milioni 17.7. Zidisha kwa dola 13: ni kama dola milioni 230 kwa mwaka. Ongeza dola milioni 100 za malipo yasiyobadilika. Jumla ni kama dola milioni 330.

Fedha nyingi. Msomaji wa haraka atazigawa kwa idadi ya hisa na kukimbilia kwa dalali. Asikimbie. Sheria hiyo hiyo ilisema fedha zinazotokana na dola zile 13, zikibaki baada ya mahitaji ya kituo, zitumike kwa mambo ya manufaa ya umma yaliyotajwa, na si kuwa faida ya wanahisa. Ikaenda mbali zaidi: ikaikataza kampuni kupandisha makadirio yake ya mapato kwa hisa inayoyatangaza kwa umma kwa sababu ya malipo hayo. Bunge la California lilijua kabisa kwamba soko lingejaribu kukigeuza kituo kuwa gawio, likaufunga mlango huo kwa kufuli.

Na mkopo je? Dola bilioni 1.4 za jimbo zilikusudiwa gharama za kuongeza uhai wa kituo. Serikali kuu nayo, kupitia mpango wa kusaidia vituo vya nyuklia vilivyo hatarini kufungwa, iliahidi kwa masharti hadi dola bilioni 1.1 Novemba 2022, na mkataba wake ukakamilishwa Januari 2024. Kwa mpango uliowekwa, fedha za serikali kuu zirudi kulipa mkopo wa jimbo. Hapo nako mwanahisa hana fungu lake. Kilichopatikana ni kwamba kampuni haikubeba gharama hizo peke yake.

Kwa hiyo kilichokuwa kikimwamulia mwenye hisa za PG&E maisha yake katika miaka hiyo ni moto wa misitu, madeni, na bei za umeme alizoruhusiwa kutoza. Kituo cha nyuklia kilikuwa habari kubwa magazetini, lakini kwa mfuko wa mwanahisa kilikuwa jambo dogo. Kufaidika kwa jimbo na kufaidika kwa mwanahisa ni vitabu viwili tofauti vya hesabu.

KALENDA YA SHAURI

Novemba 2009: ombi la kwanza la kuongeza leseni.
Machi 2018: ombi laondolewa.
Novemba 2019 na Agosti 2020: tarehe za mwisho za miaka 5 zapita.
Septemba 2, 2022: sheria ya SB 846 yatiwa saini.
Oktoba 31, 2022: barua ya maombi mawili kwa NRC.
Januari 24, 2023: ombi la kufufua lakataliwa.
Machi 2, 2023: msamaha watolewa kwa sharti.
Novemba 7, 2023: ombi jipya lapelekwa.
Desemba 19, 2023: ombi latamkwa kukamilika, kinga yaanza.
Aprili 29, 2024: mahakama yakataa pingamizi.
Novemba 2, 2024 na Agosti 26, 2025: tarehe za leseni za awali zapita, vinu vyaendelea.

NA SISI TUNAHUSIKA VIPI?

Wapo watakaosema: mambo ya nyuklia yako mbali nasi. Si mbali sana. Chini ya ardhi ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, iko urani ya mradi wa Mto Mkuju. Mradi ulipata leseni maalumu ya uchimbaji mwaka 2013, lakini baada ya Fukushima bei ya urani duniani ilikuwa imeporomoka, na machimbo yakakaa miaka mingi bila kuanza. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio. Leseni ilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni bei. Nalo ni funzo lile lile kutoka upande wa pili: karatasi ya serikali hufungua mlango tu, haiweki bidhaa sokoni wala fedha mfukoni.

Na hata asiyejali urani hukutana na jambo hili kila siku. Kampuni ya saruji imepata msamaha wa kodi. Benki imepewa nyongeza ya muda kutimiza mtaji. Kampuni ya simu imeongezewa muda wa kuuza hisa kwa umma. Kila tangazo la namna hii, lipitishe katika maswali matano:

1. Wameomba nini hasa, na wamepewa kipi kati ya walivyoomba?
2. Ni sharti gani limewekwa, na tarehe yake ni lini?
3. Ni vibali gani vingine bado vinasubiriwa?
4. Nani anaweza kuupinga uamuzi huu, na wapi?
5. Fedha zikipatikana, zinaingia kitabu cha nani?

Ukiona tangazo halijibu hata maswali mawili kati ya hayo, usinunue siku hiyo. Hisa zitakuwepo kesho.

ZOEZI LA WIKI

Chukua taarifa ya mwaka ya kampuni moja unayomiliki hisa zake. Tafuta leseni au kibali ambacho bila hicho kampuni haiwezi kufanya kazi. Andika tarehe kinapokwisha, na ombi la kuongezewa linatakiwa kufika lini. Kama taarifa haisemi, simama kwenye mkutano mkuu wa wanahisa uulize. PG&E iliiacha tarehe yake ipite kwa hiari, ikijua. Kampuni yako inaweza kuiacha ipite kwa kusahau, na msimamizi wake asiwe mwenye kusamehe.